Nyama ilichemka masaa matatu, mbona wageni walihara?

SWALI: "Shikamoo mtaalamu. Jumamosi tulifanya sherehe ya kipaimara ya binti yangu hapa Nkuhungu, Dodoma. Wapishi walianza saa saba usiku, na saa kumi na moja alfajiri pilau na mchuzi wa nyama vilikuwa tayari. Tukafunika, tukaenda kanisani. Mchana tukapasha kidogo, tukapakua saa nane. Usiku ule, kuanzia kama saa sita, watu zaidi ya thelathini waliumwa tumbo na kuhara. Waliokula wali mweupe na kuku, vilivyopikwa mchana uleule, karibu wote ni wazima. Lakini Jumapili asubuhi vijana wawili walikula kiporo cha ule wali, na kabla saa nne haijafika wakawa wanatapika. Watu watatu wamepimwa zahanati, wakaambiwa wana taifodi. Na leo Jumanne mtoto wa mdogo wangu, wa miaka minne, ameanza kuhara damu. Majirani wanasema tumetiliwa sumu. Mume wangu anasema ni maji ya kisima. Wifi anasema wapishi hawakuivisha nyama, tusiwamalizie hela yao. Mimi nilikuwepo pale jikoni, nyama ilichemka masaa matatu. Nani amekosea? Halafu kuna ndoo mbili za nyama iliyobaki, tumeziweka kwenye friza. Tuile?"

JIBU: Marahaba dada, na poleni sana.

Kuhusu mtoto tuliongea kwa simu siku ileile, na nashukuru kusikia alilazwa mapema. Narudia hapa kwa sababu yupo mama mwingine atakayesoma haya huku wake naye yuko hivyohivyo. Mtoto mdogo akihara damu anapelekwa kituo cha afya siku hiyohiyo, hangojewi alale aamke. Vile vidonge vya kufunga choo ambavyo bibi yake alikuwa ameshavitoa kwenye pochi, asipewe. Kuhara ni njia ya mwili kuwatoa vimelea; ukifunga mlango unawafungia ndani pamoja na sumu yao. Na zile antibayotiki zilizobaki kabatini kutoka kwa kaka yake, nazo ziacheni zilipo. Kuhara damu kunaletwa na vimelea zaidi ya mmoja, na hawatibiwi sawa. Akiwa ni shigela, antibayotiki iliyo sahihi inamwokoa mtoto. Akiwa ni ile jamii ya E. koli inayoitwa O157, antibayotiki inaweza kuwafanya bakteria wamwage sumu nyingi zaidi, na sumu hiyo safari yake ni kwenye figo. Kwa kuangalia choo tu huwezi kuwatenganisha, ndiyo maana daktari wenu aliagiza kipimwe.

Na ndiyo maana kila asubuhi anauliza habari za mkojo. Katika kila watoto mia wanaopatwa na O157, kati ya watano na kumi figo zao hugoma, kwa kawaida karibu wiki moja tangu kuhara kuanze. Huo ni wakati ambao damu imeshakatika na nyumba nzima imeanza kupumua. Basi hata mtoto akiruhusiwa kurudi nyumbani, mhesabieni mkojo. Ukipungua au ukikauka, akipauka, akivimba kope au miguu, akawa analala kuliko kawaida yake, rudini hospitali hata kama ni usiku.

Maji ya ORS yaendelee: pakiti moja kwa kipimo cha maji kilichoandikwa juu yake, na mtoto wa umri wake anywe kama nusu kikombe hadi kikombe kimoja kidogo kila baada ya kuhara, kwa kijiko kama anatapika. Kama pakiti hakuna, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa juu. Sukari na chumvi zikizidi hapo, mnamdhuru. Na vidonge vya zinki amalize siku zote alizoandikiwa, ambazo huwa kumi hadi kumi na nne, hata kuhara kukikoma siku ya tatu.

Sasa turudi kwenye sherehe.

Watu wakiugua baada ya chakula, kila mtu huuliza walikula nini. Sisi tuliozoea kuchunguza mambo haya tunaanza na saa: walikula saa ngapi, wakaanza kuumwa saa ngapi. Kila kimelea ana mwendo wake, na ukishaijua saa umeshawatoa nusu ya watuhumiwa. Barua yako nimeipenda kwa sababu umeandika saa kila mahali, na kwa saa hizo naona mambo matatu tofauti ambayo mmeyafunga kwenye furushi moja kwa kuwa yametokea nyumba moja, wiki moja.

La kwanza ni wale thelathini. Walikula saa nane mchana, tumbo likaanza saa sita usiku: masaa kumi. Nilipokupigia nikakuuliza kama walitapika, ukasema karibu hakuna. Homa? Hakuna. Tumbo kusokota, kuhara maji, na kufikia Jumapili jioni wengi walikuwa wameshapona, wanacheka. Waliokula kuku na wali wa mchana, karibu wote hawakuguswa. Picha hiyo ni ya bakteria mmoja anayeitwa Clostridium perfringens. Jina refu, lakini ukiwahi kupika kwa watu mia mbili basi umeshakutana naye.

Huyu anaishi kwenye udongo, kwenye vumbi, kwenye matumbo ya ng'ombe na ya kwetu. Nyama yoyote itokayo machinjioni inaweza kuja na wachache, na wachache hawamdhuru mtu. Ujanja wake ni kwamba anaweza kujifungia ndani ya ganda gumu, tunaloliita spora. Fikiria punje ya uwele iliyodondoka kwenye vumbi la Bahi mwezi wa tisa. Jua linaipiga, upepo unaibeba, ng'ombe wanaikanyaga, yenyewe imetulia inangoja mvua. Spora nayo ni hivyo, na mchemko haiuogopi. Hapa Dodoma tuko zaidi ya mita elfu moja juu ya usawa wa bahari, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi kama 96 na hayafiki 100. Kwa bakteria walio hai hiyo inatosha na kubaki. Kwa spora za huyu bwana, hata 100 zisingetosha.

Kwa hiyo ule mchemko wako wa masaa matatu ulifanya kazi yake. Ukawaua wote waliokuwa hai. Lakini pia ulifukuza hewa kwenye mchuzi, na huyu hapendi hewa, na lile joto likawa ndiyo mvua yake. Likaziamsha spora. Saa kumi na moja mkaepua, mkafunika, mkaondoka, na sufuria lote likawa lao.

Watu wengi hawaamini jinsi sufuria kubwa linavyopoa polepole. Niliwahi kujaribu mwenyewe kwenye harusi moja kule Chamwino. Kulikuwa na sufuria la mchuzi wa nyama la kama lita sitini, limefunikwa, na juu ya mfuniko wameweka jiwe, mbuzi wasije wakafunua. Nilikuwa na kipimajoto cha sindano mfukoni. Masaa manane baada ya kuepuliwa, pembeni ya sufuria kilisoma nyuzi 39, katikati 45. Mpishi mkuu, mama mtu mzima, aliweka kiganja chake ubavuni mwa sufuria akaniambia, "Mwanangu, bado la moto hili." Kwa kiganja ni la moto kweli. Kwa perfringens, nyuzi 43 hadi 47 ndicho kitanda anachokipenda kuliko vyote. Hapo mmoja huwa wawili kwa dakika kama kumi. Chukua kalamu: mmoja, baada ya saa moja ni 64. Baada ya masaa mawili, 4,096. Baada ya matatu, 262,144. Ninyi sufuria lenu lilikaa masaa tisa.

Halafu mkapasha kidogo. Hilo neno "kidogo" ndilo lililonifanya nitikise kichwa. Mngepasha mpaka lichemke lote, katikati na chini, mkikoroga, mngewaua karibu wote, kwa sababu hapo hawakuwa tena spora, walikuwa hai na ni wepesi kufa, na sumu yao bado hawajaitoa. Sumu hii wanaitoa ndani ya utumbo wa mlaji, wakati wanajifunga tena kwenye ganda. Ndiyo yale masaa kumi. Lakini sufuria la lita sitini ukiliwekea makaa robo saa, chini panaungua, juu panafuka mvuke kidogo, katikati pamepata joto la kuoga. Mmewaongezea blanketi.

Basi nyama iliiva, umesimamia na ni kweli. Kilichokosewa ni yale masaa tisa kati ya kuepua na kupakua. Huo ndio mchezo wenyewe kwenye magonjwa mengi ya chakula cha shughuli, na ndio ambao hatuusemi, kwa sababu tumefundishwa kwamba chakula kibaya ni kile kisichoiva au kilichochacha. Sufuria lile halikuwa na harufu mbaya, halikuwa na utando. Lilinukia iliki na mdalasini.

Mkumbuke namba mbili tu: 60 na 5. Chakula kilichopikwa kinatakiwa kiwe cha moto zaidi ya nyuzi 60 au cha baridi chini ya nyuzi 5. Katikati ya hapo kisizidi masaa mawili, na kwenye joto letu la Oktoba na Novemba hesabuni saa moja. Nyuzi 60 kwa mtu asiye na kipimajoto ni mchuzi unaofuka mvuke kwa nguvu na ambao huwezi kuweka ulimi bila kupuliza.

Najua utaniuliza: kanisani tunatakiwa saa tatu, tupike saa ngapi? Nimeona wapishi wa Dodoma wakilimaliza hili kwa namna tatu. Ya kwanza, usiku wanachemsha nyama tu, na pilau lenyewe wanaliunga asubuhi, mmoja wao akibaki nyumbani badala ya kwenda ibadani, ili lifike mezani kutoka motoni. Ya pili ni ile ya zamani ambayo nasikitika tunaiacha: pilau linapaliwa, makaa juu ya mfuniko na makaa chini, yanaongezwa kila yakififia, na mchuzi unabaki kwenye moto mdogo unaotokota. Mkaa ni ghali, najua. Kuwatundikia dripu watu thelathini nako kuna bei yake. Ya tatu ni kupoza haraka, na hii inahitaji vyombo. Mchuzi unagawanywa kwenye mabeseni na masinia, kina kisizidi vidole vinne, mabeseni yanakaa ndani ya maji baridi, kisha friji. Siku ya kula unachemshwa upya mpaka utokote wote. Kosa ninaloliona ni mtu kulichukua sufuria zima la moto na kulisukuma ndani ya friji. Friji haina ubavu huo. Katikati ya sufuria panabaki vuguvugu hadi asubuhi, na maziwa ya watoto yaliyokuwa pembeni nayo yameshapata joto.

Hotpoti ni nzuri kama chakula kinaingia kinatokota na kinaliwa ndani ya masaa mawili hivi. Ile ya kuweka wali saa kumi na mbili asubuhi ili baba ale saa tisa, hapana.

Nikukumbushe jambo moja: wagonjwa wa perfringens karibu wote hupona ndani ya siku moja kwa kunywa maji na ORS. Wanaotakiwa kuangaliwa kwa karibu ni wazee na watoto wachanga, kwa sababu ya kukauka maji. Kama kwenye hao thelathini kuna bibi ambaye bado yuko kitandani, hajanywa, hajakojoa, apelekwe.

Jambo la pili ni vijana wa kiporo. Uliniambia walikula saa moja asubuhi. Kabla ya saa nne wanatapika. Masaa mawili matatu. Kwa muda mfupi namna hiyo, bakteria hana nafasi ya kuzaliana tumboni. Maana yake sumu ilikuwa tayari ndani ya wali. Wali uliopikwa saa sita mchana Jumamosi, ukabaki sufuriani jikoni usiku kucha, ni makazi ya Bacillus cereus. Naye ana spora, huja na mchele kutoka shambani, anasalimika kwenye mapishi, anaamka wali ukiwa vuguvugu. Tofauti yake na yule wa nyama ni kubwa: huyu sumu anaitoa humohumo kwenye wali, na sumu yenyewe haivunjwi na moto. Maabara wameipika kwa nyuzi 121 kwa dakika 90 na ikabaki ileile. Kwa hiyo wale vijana hata kama walikikaanga kiporo kwa mafuta na kitunguu mpaka kikawa cha rangi ya kahawia, na najua walifanya hivyo, hawakubadilisha kitu.

Sipigi vita kiporo. Mimi mwenyewe nimelelewa kwa kiporo na chai ya rangi. Wali ukibaki, utandaze kwenye sinia upoe ndani ya saa moja, uingie kwenye friji, uliwe kesho yake. Kama hakuna friji na usiku ni wa joto, pika wa kutosha tu. Sumu ya namna hii hutoka pia kwa bakteria wa vidonda na makamasi, stafilokokasi. Mpishi mwenye kidole kilichokatwa na kinachotoa usaha, hata awe hodari vipi, siku hiyo apewe kazi ya kuni.

Sasa hao watatu wa taifodi. Hapa nitasema kidogo kwa ukali, siyo kwako. Nchi hii tuna utani kwamba hakuna anayeingia kituo cha afya akatoka bila "UTI na taifodi". Utani una mzizi. Kipimo kinachotumika sana, Widal, kinatafuta kingamwili kwenye damu, yaani askari wa mwili dhidi ya kimelea, na hao hubaki muda mrefu kwa mtu aliyewahi kuugua taifodi au hata ugonjwa wa bakteria wengine wa jamii yake, salmonela. Malaria nayo inaweza kukidanganya. Lakini hata tukikiacha kipimo, saa inatosha. Taifodi inachukua siku sita hadi thelathini tangu kimelea kumezwa mpaka homa kuanza. Mtu aliyekula pilau Jumamosi mchana hawezi kuwa ameanza kuumwa taifodi ya pilau hilo Jumapili. Na taifodi kwa kawaida huja na homa inayopanda ngazi siku baada ya siku, kichwa, uchovu, choo wakati mwingine kigumu badala ya kuhara. Hao watatu, kama hawana homa na wameshapona, warudi wamuulize tabibu kama dozi ina haja. Kama mmoja wao ana homa inayoendelea, basi huyo achunguzwe vizuri, ikiwezekana kwa kuotesha damu maabara, maana taifodi ya kweli ikiachwa inatoboa utumbo. Kinachoniudhi ni kwamba kila dozi tunayomeza bila sababu inawafundisha vimelea kuishi na dawa, na ile taifodi ya kweli ikija tunabaki mikono mitupu.

Majirani na sumu yao. Dawa za shambani, zile za kuulia wadudu, zinaanza kazi ndani ya dakika hadi masaa machache: mate yanatiririka, jasho, mboni za macho zinakuwa ndogo kama tundu la sindano, pumzi inabana. Hakuna aliyelala salama masaa kumi kisha akaamka na tumbo la kuhara peke yake. Sumu ambayo huku kwetu kweli imeua ni sumukuvu ya mahindi. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 wakafariki. Ila hiyo ni ya ukungu, inashambulia ini, macho yanakuwa ya njano, tumbo linajaa maji. Haifanani hata kidogo na hili lenu.

Na kisima cha mume wako: maji yangekuwa ndiyo chanzo, wangeumwa pia waliokula kuku, kwa kuwa walikunywa na kunawa maji yaleyale. Hata hivyo naunga mkono yatiwe dawa ya klorini au yachemshwe kabla ya kunywa, kwa sababu kipindupindu hakijauhama mkoa huu, na kisima kilicho karibu na choo kina siku yake.

Limebaki la tatu, la mtoto, na hapa pana sehemu ambayo hukuiandika kwenye barua ila ilitoka kwenye simu. Jumapili babu yake alifika kutoka Bahi na kidumu cha maziwa, mtoto akanywa vikombe viwili, "maziwa ya moto ya ng'ombe", yaani ya joto la kiwele. Kuhara damu kukaanza Jumanne. Siku mbili. Kwa shigela inaingia, kwa kampilobakta inaingia. O157 kwa kawaida huchukua siku tatu au nne, kwa hiyo nayo hatuiondoi, na hapo ile Jumamosi inarudi mezani. Ng'ombe anabeba O157 tumboni bila kuumwa chochote. Anajilalia kwenye samadi, kiwele kinagusa, mkamuaji ananawa kwa maji ya kibuyu kimoja kwa ng'ombe kumi. Tone la kinyesi lisiloonekana kwa macho linatosha, kwa sababu huyu hahitaji kuzaliana kwanza kwenye chakula kama wale wa sufuria: bakteria wachache mno, hata chini ya mia, wanatosha kumlaza mtoto.

Kwa hiyo kwa kundi hili sheria ni nyingine. Wale wa kwanza tulikuwa tunapigana na masaa. Hawa tunapigana na mguso. Maziwa yachemshwe mpaka yapande, ndiyo yanywewe au yagandishwe. Kuyagandisha kwanza kuwa mtindi hakutoshi. Na kwenye maziwa yetu ya wafugaji kuna mwingine wa kumwogopa, brusela, anayeleta homa za vipindi, jasho la usiku na maumivu ya viungo na mgongo kwa miezi, huku mtu akimeza dawa za malaria tu. Mwambie babu kwa heshima zake zote. Wazee wa Kigogo wanapenda kusema wamekunywa maziwa mabichi tangu utoto, na ni kweli, ila waliokufa wadogo hawapo wa kutusimulia. Na ukishaongea naye la maziwa, ongea naye la kibudu vilevile. Ng'ombe aliyejifia, hasa akitoka damu isiyoganda puani au nyuma, haliwi wala hachunwi. Kimeta nacho kina spora, na umeshaona spora zinavyoudharau moto.

Mguso mwingine ni ubao. Siku ukienda mnada wa Msalato kula nyama choma, kabla ya kuagiza simama kidogo utazame gogo la kukatia. Mchomaji anayejua kazi ana gogo la nyama mbichi na ubao mwingine wa iliyoiva, na kachumbari inakatwa mbali na yote mawili. Ukiona kisu kimoja kinapasua mbuzi mbichi, kinafutwa kwenye aproni, kisha kinakata nyanya, nenda jiko la pili. Ndimu na pilipili hazitoshi kuwaua bakteria, wanaokuambia zinatosha wanakuuzia bia. Nikuulize, na sitaki unijibu hadharani: kachumbari ya sherehe ilikatiwa wapi?

Kwenye familia yenu uliniambia yupo pia wifi mjamzito. Kwake nina neno moja la ziada. Friji inapunguza mwendo wa bakteria, haiwaui, na mmoja anayeitwa listeria huendelea kukua humohumo kwenye baridi. Kwa mama anaweza kuwa mafua tu, kwa mimba ni janga. Mwaka 2017 na 2018 Afrika Kusini waliugua zaidi ya watu 1,000 na zaidi ya 200 wakafa, wakiwemo watoto wachanga wengi, kwa sababu ya soseji nene za kukata vipande zilizoliwa kama zilivyotoka kiwandani. Soseji na vyakula vya tayari vya friji, yeye avile vikiwa vimechomwa au kuchemshwa upya mpaka vifuke mvuke.

Wapishi wamalizieni hela yao. Waliivisha. Hakuna aliyewaambia kwamba kutoka saa kumi na moja hadi saa nane kuna kazi nyingine, na hata wewe uliyesimamia hukujua. Ukiwapelekea, wapelekee na kipimajoto cha sindano, vinauzwa kwenye maduka ya vyombo vya hoteli, na uwaonyeshe namna ya kukichomeka katikati ya sufuria badala ya pembeni. Mama yule wa Chamwino nilimwachia cha kwangu. Nilipomkuta tena mwaka uliofuata alikuwa amekifunga kwenye kanga, na ananiita yeye mwenyewe niende kutazama.

Zile ndoo mbili za nyama kwenye friza, zitupe. Kugandisha hakuui spora, na nyama yenyewe iliingia humo ikiwa imekaa nje siku nzima. Chimbeni shimo mfukie, la sivyo mbwa wa mtaa watazigawana, na Jumatatu mtaambiwa tena mmetia sumu.